Ukitaka kununua (au kuuza) Gibson ES-330 la zamani

Naishi Grand Rapids, Michigan, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Kalamazoo, mji ambao Gibson walitengeneza magitaa mpaka kiwanda kilipofungwa 1984. Ndiyo maana huku kwetu gitaa kuukuu hulikuti dukani tu. Liko chini ya kitanda cha babu wa mtu, au kwenye mnada wa vitu vya marehemu, katikati ya sufuria na mashine ya kukata majani. Mimi ni mtu wa Kigoma, napiga solo kanisani, na pembeni nanunua na kuuza haya ya umeme yenye tumbo tupu. La kwanza nilipigwa.

Lilikuwa ES-330. Kwa asiyelijua: ni jembamba, lina matundu mawili ya herufi f na pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za aina ya P-90, na ndani hamna kitu. Usilichanganye na ES-335. Kwa nje ni kama mapacha, ila 335 lina gogo la mbao lililopita katikati ya tumbo. 330 lilianza kutoka 1959. Ukilifungulia sana kwenye amplifaya linapiga mluzi. Hilo si ubovu, ndivyo lilivyoumbwa.

Muuzaji alinionyesha namba nyuma ya kichwa, akafungua orodha yake: 1963. Nikalipa bei ya 1963. Lakini palepale dukani, nilipokamata kodi ya C (nyuzi kadhaa kwa pamoja), kidole cha kati kilikuwa kinagusa uzi wa jirani na kuuzima. Nikajilaumu mwenyewe, nimenenepa Marekani. Kumbe vidole vilikuwa vinasema kweli. Mwaka 1965 Gibson walibana shingo: pale kwenye kifupa kinachopokea nyuzi chini ya kichwa, upana ulishuka kutoka karibu milimita 43 hadi pungufu kidogo ya 40. Na namba zao za miaka ya 60 zilirudiwarudiwa, moja inaweza kuangukia magitaa ya miaka tofauti kabisa. Kwa hiyo siku hizi kalipa, kile kipimo cha upana, iko mfukoni, na naitoa kabla sijauliza namba.

Baada ya hapo, soma poti, vile vidude vya ndani vinavyozungushwa na vitufe vya sauti. Mgongoni zimegongwa tarakimu. Tatu za mwanzo ni za kampuni iliyozitengeneza: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Za kwangu zilisoma 1376633, yaani CTS, wiki ya 33 ya 1966. Gitaa halizaliwi kabla ya poti zake, labda ziwe zimebadilishwa, na hapo risasi ya kuchomelea itakuambia: ya zamani imefifia, mpya inang'aa. Kioo cha daktari wa meno na tochi vinatosha kuzisoma kupitia tundu la f. Usikubali mtu azitoe mbele yako kwa papara. Mimi nikilazimika kuzitoa nafunga mshipi kwenye kijiti cha kila poti (nimekulia ziwani, mshipi siukosi), naisukuma poti ndani, kisha naitolea kwenye tundu la f huku mshipi umebaki nje. Wakati wa kurudisha unavuta tu, poti inarudi mahali pake kama dagaa kwenye wavu. Bila mshipi utashinda mchana kutwa unavua gizani.

Kichwa ndicho kinachokula hela. Vichwa vya Gibson vimeinama nyuma, gitaa likianguka huvunjika pale pale chini ya vigingi vya kukazia nyuzi. Kikishagundishwa, hata vizuri, bei hushuka mara nyingi karibu nusu. Chukua ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia, zima taa za chumba, mulika nyuma ya shingo. Vanishi ya zamani hung'aa kijanikijani chenye manjano; sehemu iliyopuliziwa upya huonekana doa jeusi. Nimeona muuzaji akinyamaza ghafla baada ya mimi kuwasha taa hiyo.

Tazama na daraja, kile kinachobeba nyuzi juu ya tumbo. Likiwa limeshushwa mpaka mwisho na nyuzi bado ziko juu, shingo imenyanyuka, na kuibandua na kuipanga upya ni kazi ya fundi wa gharama. Gonga tumbo taratibu kwa kidole. Kitu kikitetemeka ndani, huenda kuna ubao ulioachia gundi. Freti (vile vyuma vya kukatisha shingo) zilizolika zisikutishe.

Kuhusu bei, usiangalie wanachoomba. Angalia yaliyouzwa kweli.

Kwenye kuuza, lile langu nililiandika 1966, nikaweka picha ya kalipa na ya poti, na ufa mdogo wa ubavuni nikautaja kwenye sentensi ya kwanza. Nilipata hasara ya dola 700, lakini liliondoka siku mbili. Usiling'arishe, usibadilishe vigingi ili lipendeze. Vile vya asili, hata vibovu, vitie kwenye mfuko viende na gitaa. Na kama mnunuzi yuko nje ya nchi, jua kwanza mbao za shingo. Ubao wa vidole ukiwa wa mti wa Brazili uitwao rosewood, nduguye mpingo wetu, biashara yake ya kimataifa imebanwa tangu 1992 na haivuki mpaka bila kibali.

Ukilifunga, legeza nyuzi, jaza nguo chini ya kichwa na pembeni ndani ya kasha ili lisicheze, halafu kasha ndani ya boksi. Wakati wa baridi andika juu ya boksi kwa herufi kubwa: LISIFUNGULIWE MPAKA KESHO. Vanishi iliyoganda ikikutana ghafla na joto la ndani hupasuka vistari kama utando wa buibui. Mnunuzi wangu wa Minnesota alivumilia dakika ishirini, kisha akanitumia picha ya vistari hivyo na kuuliza kama vilikuwepo. Nikamtumia picha zangu za kabla, na ya maandishi juu ya boksi.