Video ina sauti lakini picha hakuna: tazama kilicho ndani ya MP4

Jumamosi iliyopita mama mmoja alishuka matatu ya Ahero akaja moja kwa moja kibandani kwangu hapa Kondele, flashi ameifunga kwenye pindo la leso. Ilikuwa na video ya harusi ya bintiye. Kwenye simu ya kijana aliyerekodi ilikuwa inacheza vizuri, lakini kwenye TV ya nyumbani kwaya ilisikika huku kioo kikiwa cheusi. Alikuwa ameambiwa flashi imeharibika, anunue nyingine. Flashi ilikuwa nzima.

Jikoni kwako huenda kuna kopo la Kimbo lenye sukari na lingine lenye chumvi. Ukisoma maandishi ya nje tu, utaharibu chai. MP4, MOV, MKV na 3GP ni makopo. Kilichomo ndani ni kodeki, yaani namna picha zilivyobanwa. Ndiyo maana MP4 mbili zaweza kukaa kwenye flashi moja, moja icheze na nyingine igome.

Kodeki mbili utakutana nazo kila siku. H.264 ilitoka 2003, na karibu kila simu na TV inaisoma. H.265, inayoitwa pia HEVC, ilitoka 2013 na hubana zaidi. iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC na iOS 11, mfumo wake wa uendeshaji wa mwaka 2017. Kwa makadirio ya Apple, dakika moja ya video ya 1080p (HD kamili) kwa fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde ni kama MB 60 kwa HEVC, na MB 130 kwa H.264. Kwa mtu ambaye simu yake hujaa kila wiki, hiyo ni nafuu kubwa, kwa hiyo simkatazi mtu HEVC. Shida ni TV za zamani, ambazo hazikuundwa kuifumbua.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Fungua video kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Kwenye mstari wa kodeki ya video, ukiona «hevc», umempata mkosaji. Ya yule mama iliandika hivyo hivyo.

Tafadhali usibadilishe jina kutoka .mov kuwa .mp4 ukadhani umemaliza. Hapo umebandika karatasi mpya juu ya kopo lile lile.

Dawa ni kuigeuza. Mimi hutumia HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video: ingiza video, chagua «Fast 1080p30», hakikisha kodeki ya video ni H.264 na kopo ni MP4, kisha anza. Kompyuta yangu si ya kasi, kwa hiyo harusi ya saa mbili naiacha ikifanya kazi huku nikihudumia wengine. Video asili usiifute kamwe. Kila kugeuza hupunguza ubora kidogo, na ukikosea utaihitaji.

Jambo jingine ni flashi yenyewe. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili moja ya kufikia GB 4, hata kama ina nafasi tele. Igawe video vipande viwili. Ukifomati kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, faili itaingia, lakini TV nyingi za zamani hazitaiona flashi.

Na ukiomba video kwa WhatsApp, mwambie ndugu yako aitume kama hati. Ikitumwa kama video ya kawaida inabanwa tena, na nyuso za watu zinakuwa ukungu.

Kama wewe ndiye utakayerekodi, na unajua video itaishia kwenye TV ya shosho, ingia mipangilio ya iPhone, sehemu ya Camera, kisha Formats, uchague «Most Compatible» kabla sherehe haijaanza.

Kibandani nina TV ya zamani ninayoitunza kwa ajili ya kujaribia. Flashi ya yule mama niliichomeka pale, nikatazama mwanzo, nikaruka katikati, halafu mwisho. Alipomwona bintiye akikata keki, alisema, «Iache kidogo, mwanangu.» Nikaiacha.