Muhula mmoja Ujerumani: makaratasi kwanza, theluji baadaye

Mtu akipata nafasi ya kwenda kusoma semista moja Ulaya, swali la kwanza ni "baridi ikoje huko?" Baridi dawa yake koti, achana nayo. Swali lenyewe ni je, hizo kozi utakazosoma kule zitahesabika ukirudi, au utarudia semista nzima wakati wenzako wanapimwa majoho. Mi nilienda Ujerumani kwa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, nikiwa mwaka wa tatu, nikarudi na kozi tano, idara yetu ikapokea tatu, mbili nikazisoma upya na madogo walionifuata, nakaa siti ya nyuma kama mzee wa kanisa. Ndo maana naandika hii, na mengi nitakayosema ni ya makaratasi, mnisamehe.

Tuanze na jinsi inavyokwenda maana kuna watu wanalipa mawakala kwa kitu ambacho hakiuzwi. Erasmus ilianza 1987, vyuo vya Ulaya vikibadilishana wanafunzi wao kwa wao, sisi wa nje ya Ulaya mlango wetu wa kwenda kwa semista ulifunguliwa 2015. Huombi kwa mtu Brussels. Kinachotakiwa ni chuo chako kiwe na makubaliano na chuo cha kule, wao ndo wanatangaza nafasi, na mara nyingi ni nafasi mbili tatu tu, tangazo linabandikwa ubaoni, wiki inayofuata limeshafunikwa na tangazo la mahafali. Kwa hiyo usisubiri tangazo, nenda mwenyewe ofisi ya uhusiano wa kimataifa uulize tuna makubaliano na nani, fani gani, mwisho lini. Ukichaguliwa hulipi ada kwa chuo cha kule, unabaki mwanafunzi wa chuo chako (ada ya nyumbani iko palepale), unapewa hela ya kujikimu kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi, na mchango wa nauli unaopimwa kwa umbali. Wabongo wenye mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) piteni kwa ofisa mikopo kabla hamjaondoka, bumu linamtaka mtu aliyepo.

Ukipewa kuchagua semista, usichague kwa hali ya hewa. Vyuo vikuu vyao vingi vina muhula wa baridi, 1 Oktoba hadi 31 Machi, na wa kiangazi, 1 Aprili hadi 30 Septemba. Vipindi vya muhula wa baridi vinaanza katikati ya Oktoba vinaisha Februari, halafu ndo mitihani, sasa angalia almanaki ya chuo chako, kama semista ya pili kwenu inaanza Machi utafika umechoka na vipindi vimeshaanza. Kiangazi vipindi ni Aprili hadi Julai, kwa vyuo vyetu vingi hiyo inakaa vizuri zaidi na semista ya pili. Mi nilienda ya baridi kwa sababu nilitaka kuona theluji. Niliiona siku nne.

Sasa kwenye mkataba wa masomo, wenyewe wanauita Learning Agreement, hapa tulia. Ni fomu inayoorodhesha kozi utakazosoma kule na kozi za nyumbani zitakazohesabiwa badala yake, inasainiwa na wewe, chuo chako na chuo cha kule. Kule wanahesabu kwa krediti za ECTS, semista moja kamili ni 30, na krediti moja ni kama saa 25 hadi 30 za kazi ukijumlisha darasani na kujisomea. Kosa nililofanya mimi ni hili: nilichukua orodha ya kozi kwenye tovuti yao bila kuangalia ni ya semista gani. Kumbe kozi nyingi kule zinafundishwa mara moja kwa mwaka, nyingine baridi tu, nyingine kiangazi tu. Nimefika Oktoba, kozi mbili kati ya tano hazipo mpaka Aprili.

Hilo linarekebishika, fomu ina sehemu ya mabadiliko ukiwa tayari kule, unajaza ndani ya wiki chache za mwanzo, ila na yenyewe inataka saini zote tatu upya. Wa kule alisaini siku hiyohiyo. Wa nyumbani, mkuu wa idara yuko fildi, imeili hajibu, nikatuma ya pili "Shikamoo Dokta, samahani kwa usumbufu", kimya. Mimi nikajiambia si alikubali zile za mwanzo, atakubali na hizi, nikasoma tu. Niliporudi kiti kimeshakaliwa na mwingine, mkuu mpya kaangalia karatasi kasema hizi mbili sizioni zimeidhinishwa wapi. Na kiukweli hakukosea.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka kozi za akiba mbili tatu kwenye mazungumzo na idara kabla hujaondoka, zenye maelezo kamili ya kinachofundishwa, na uombe idhini yake kwa maandishi hata kama ni imeili ya mistari miwili. Tafuta rafiki wa kuaminika atakayebaki chuoni, wa kuprinti fomu na kwenda kusimama mlangoni kwa mkuu wa idara, maana imeili unaweza kuipuuza lakini mtu kasimama mlangoni na kalamu mkononi huwezi. Na uliza mapema swali ambalo wengi hawaulizi, mnahamisha krediti peke yake au na alama? Kama ni na alama, mnazigeuzaje?

Hapo kwenye alama nicheke kidogo. Kwetu Bongo GPA ya 5 ndo ya vipanga. Ujerumani 1.0 ndo ya juu kabisa, 4.0 ndo umechungulia shimo ukapita, 5.0 umefeli. Nilipata 1.7 kozi yangu ya kwanza nikapiga skrinshoti nikarusha grupu la familia bila maelezo. Baba mdogo akapiga saa hiyohiyo, sauti ya msibani, "Mwanangu, imekuwaje tena?" Ilinichukua dakika kumi kumwelewesha na nadhani mpaka leo anahisi namdanganya. Sasa kama baba mdogo anaweza kusoma vibaya, karani wa mitihani naye anaweza, hakikisha matokeo yako yanakuja na maelezo ya mfumo wao wa alama.

Visa: ya semista nzima siyo ile ya kutembelea, ni visa ya taifa, aina D, na miadi ubalozini inaweza kuwa mbali kuliko unavyofikiri, kwa hiyo barua ya udahili ikifika siku hiyohiyo tafuta tarehe. Mwenye ufadhili anapeleka barua ya ufadhili inayotaja kiasi na miezi. Anayejilipia mwenyewe wanamtaka afungue akaunti iliyozuiwa, Sperrkonto, tangu Septemba 2024 hesabu yake ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, hela unaiweka yote halafu unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Bima ya afya bila hiyo hawakusajili chuoni, uliza kabla kama imo kwenye ufadhili wako, maana ukiikata mwenyewe kule bima ya umma kwa mwanafunzi inapita euro 120 kwa mwezi.

Na beba hela ya kuishi mwezi na nusu hivi. Ufadhili mara nyingi unaingia ukishafika, ukishafungua akaunti ya benki, na benki inataka uwe na anuani, na kodi ya chumba haisubiri hayo yote. Hata kama hulipi ada kuna mchango wa semista, Semesterbeitrag, unaweza kuanzia euro mia moja hivi ukapanda hadi mia tatu na kitu, usiulalamikie sana, sehemu nyingi ndani yake mna tiketi ya mabasi na treni.

Tarehe ya kufika. Usitue Ijumaa jioni wala Jumamosi! Funguo za hosteli anazo Hausmeister, msimamizi wa jengo, na yeye ana saa zake za kazi, mara nyingi asubuhi za siku za wiki, hana habari na ndege yako. Na Jumapili maduka yanafungwa, supamaketi zote, ukiacha vile viduka vya stesheni kubwa. Mwenzangu mmoja alifika Jumamosi usiku akalala kwa mtu asiyemjua, Jumapili akashinda na biskuti za kwenye ndege. Chumba chenyewe ukikipata kina kitanda, meza, kabati, basi, hakuna shuka wala mto wala sufuria, beba angalau shuka na blanketi jepesi kwenye begi. Kodi za hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, nyingi zinacheza euro 250 hadi 400 kutegemea mji, na ukikosa hosteli ukaanza kutafuta chumba mtaani usitume hela ya kodi kwa mtu ambaye hujaona mlango wake, hata akikutumia picha ya pasipoti yake.

Ukishahamia una wiki mbili kwenda ofisi ya mji kujisajili, wanaita Anmeldung, na unatakiwa uende na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli umehamia. Usiidharau hiyo karatasi ya usajili, benki wataitaka na ofisi ya wageni wataitaka. Halafu ile laini yako ya nyumbani usiitupe, iache kwenye simu na uitumie mara mojamoja, siku benki ya nyumbani inakutumia namba ya kuthibitisha muamala na laini imeshafungwa utajuta.

Darasani kuna vitu viwili vya kujua siku ya kwanza. Ratiba ikiandikwa saa halafu "c.t.", kipindi kinaanza robo saa baadaye. Mi ratiba iliandika 10 c.t., saa nne kamili nikafika, chumba kitupu, nikajua wamehamisha, nikazunguka jengo zima naulizia, kurudi saa nne na dakika ishirini ukumbi umejaa mpaka ngazini na mwalimu yuko slaidi ya tatu. "s.t." ndo kamili kweli. Kingine, kipindi kikiisha wote wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Nilidhani wanamfukuza mwalimu, kumbe ndo makofi yao.

Lakini kubwa ni mtihani. Sisi tumezoea kosiweki, testi mbili, asaimenti, unaingia UE, mtihani wa mwisho, ukiwa na akiba yako ya alama 40. Kule kozi nyingi hakuna kitu katikati, hakuna anayekuuliza mbona hukuja wiki iliyopita, halafu mwisho mtihani mmoja unabeba vyote. Uhuru huo umewaponza wengi. Na kujisajili kwenye kozi siyo kujisajili kwenye mtihani! Ni vitu viwili tofauti, mtihani una usajili wake kwenye mfumo na una mwisho wake, wakati mwingine wiki nyingi kabla ya mtihani wenyewe. Kuna dada tulikuwa naye, hakukosa kipindi hata kimoja, anakaa mbele, mwalimu anamjua kwa jina, Februari anakwenda kufanya mtihani jina halipo. Mwalimu alimhurumia lakini mfumo ulishafungwa. Wiki ya kwanza mfuate kila mwalimu mwambie mimi ni wa Erasmus niko semista moja tu, mtihani wako najisajilije, kuna wanaoruhusu wageni wajisajili kwao moja kwa moja na kutoa cheti cha kozi, Schein, chenye saini.

Hela ya kazi za muda ipo kisheria, tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Ulaya anaruhusiwa siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, ila soma kilichoandikwa kwenye kibali chako. Kwa semista moja mimi sikushauri, mpaka upate kazi na uizoee miezi imeisha.

Desemba kuanzia tarehe 20 hivi chuo kinakauka, Wajerumani wanakwenda kwao, korido yenye watu kumi na mbili mnabaki wawili na giza linaingia saa kumi na nusu jioni. Pangeni mapema na wageni wenzenu mtakuwa wapi. Simu za nyumbani mkumbuke wakati wa baridi tofauti ni saa mbili, mama akipiga saa kumi na mbili alfajiri kukusalimia, kwako ni saa kumi usiku.

Kuondoka kuna mambo yake. Nenda ofisi ya mji ujifute, Abmeldung, wanapokea kuanzia wiki moja kabla ya kuhama. Jifute na kwenye malipo ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, la sivyo yanaendelea kuandikwa jina lako uwe una televisheni au huna. Omba matokeo yako yatumwe moja kwa moja chuoni kwako na nakala kwako, yanaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo pata jina na imeili ya mtu anayeyashughulikia kabla hujapanda ndege. Na akaunti ya benki usiifunge siku ya mwisho kama nilivyotaka kufanya mimi, yule mama wa benki akaniuliza "na dhamana ya chumba itaingia wapi?" Nilikuwa nimeisahau kabisa. Iliingia wiki ya saba, wamekata euro ishirini za usafi.