Ukoo wa Kijerumani Uliotawanyika Amerika: Saka Kijiji Kwanza

Watu huniletea jina la ukoo, mara nyingi Schmidt au Müller, wakidhani nitaliandika kwenye kompyuta na babu wa babu atajitokeza. Hatokei. Akina Schmidt walijaa kila bandari. Kinachofungua mlango ni jina la kijiji alikotoka.

Hatua ya 1: Anza na vya nyumbani
Biblia ya familia, barua, jiwe la kaburi, maandishi ya nyuma ya picha. Wahoji wazee, ila wakikuambia "alitoka Prussia" usiandike kwamba umepata jibu. Prussia ilikuwa dola kubwa ya Kijerumani, haikuwa mtaa.

Hatua ya 2: Fuata ndugu zake
Hapa ndipo wengi hukosea: wanamng'ang'ania babu yao peke yake. Nilikuwa na familia moja ya Texas ambayo karatasi zake zote ziliandikwa "Ujerumani" tu. Wiki sita nimekwama. Nikamgeukia kaka wa babu yao, aliyekwenda Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazili, na kwenye kitabu cha ndoa mchungaji wa Kilutheri alikuwa ameandika kijiji kabisa, huko Hunsrück, magharibi mwa Ujerumani.

Kwa hiyo jua walikokimbilia. São Leopoldo ya Brazili ilipokea Wajerumani kuanzia 1824, Colonia Tovar ya Venezuela 1843, New Braunfels ya Texas 1845, Blumenau ya Brazili 1850, na Puerto Montt ya Chile ilianzishwa 1853. Angalia pia mwaka wa safari: mwishoni mwa 1859 Prussia ilibana uandikishaji wa wahamiaji wa kwenda Brazili, baada ya malalamiko kuhusu hali yao katika mashamba ya kahawa. Usishangae basi kaka mkubwa yuko Brazili na mdogo wake yuko Marekani.

Hatua ya 3: Orodha za abiria
Orodha za bandari ya Hamburg za 1850 hadi 1934 ni hazina, kwa sababu zinataja mahali abiria alipokuwa akiishi. Usipomwona kwenye meli za moja kwa moja, tazama orodha za waliopitia Uingereza, waliobadilisha meli Liverpool. Nauli ya njia hiyo mara nyingi ilikuwa nafuu. Za bandari ya Bremen nyingi ziliteketezwa, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi orodha ya huko ya 1885.

Hatua ya 4: Ingia kijijini
Vitabu vya makanisa ya Kiprotestanti viko kwa wingi kwenye tovuti ya Archion, ya kulipia. Vya Kikatoliki jaribu Matricula, bure. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulienea Ujerumani nzima 1876 tu, lakini magharibi ya mto Rhine, Hunsrück ikiwemo, Wafaransa waliuanzisha 1798.

Hatua ya 5: Jifunze mwandiko
Maandishi ya zamani yanaitwa Kurrent, na mwanzoni utadhani kuku amepita kwenye wino. Herufi "e" inafanana na "n". "U" huitambua kwa kialama kilichopinda juu yake. Mtego mkubwa ni miezi: "8ber" si Agosti, ni Oktoba, kwa kuwa "octo" ni nane kwa Kilatini. Sisi tunaoita saa mbili ile ambayo wenzetu wanaiita saa nane hatuna haki ya kulalamika.

Majina nayo yana lake. Kwenye vijiji vingi karibu kila mvulana alibatizwa Johann, kisha akaitwa kwa jina la pili. Johann Peter na Johann Jakob ni mtu na kaka yake. Huyo Peter utamkuta Brazili akiwa Pedro, na huko Marekani Schmidt wake huenda amegeuka Smith.

Hatua ya 6: Pitia kitabu cha mazishi
Umepata ubatizo, jina na mwaka vinalingana? Subiri kidogo. Mtoto akifariki, wazazi mara nyingi walimpa atakayefuata jina lile lile. Soma mazishi ya miaka kumi baada ya ubatizo huo. Mimi nilishawahi kumchorea mteja mti mzima wa ukoo, na shina lake lilikuwa mtoto aliyezikwa akiwa na miezi minne.