Kugeuza nyuso zilizoletwa kutoka programu nyingine kuwa gimba kamili

Fundi wa injini za boti hapa Unguja akitaka kuchongewa kipuri ambacho madukani hakipatikani tena, mara nyingi huja na faili la mchoro wa kompyuta (CAD) alilotumiwa na mtu wa mbali. Likifunguliwa, kipuri huonekana kimekamilika: matundu ya boliti yapo, mapindo (kona zilizoviringishwa) yapo, na kila upande unang'aa. Lakini ukitaka kulikata umbo hilo au kuliunganisha na jingine, programu inakataa, kwa sababu kilichoingia ni ngozi tu, yaani nyuso nyingi zilizokaa jirani bila ya kushikana.

Kwa kompyuta, gimba ni umbo lililofungika pande zote bila upenyo, kiasi cha programu kujua ndani ni wapi na nje ni wapi. Kanuni inayolitawala ni kwamba kila ukingo uwe wa nyuso mbili. Ukingo wenye uso mmoja ni tundu, na wenye nyuso tatu ni dalili kwamba kuna uso uliobaki ndani ya umbo na unapaswa kufutwa. Takriban kazi yote inayofuata ni kuzitafuta kingo zinazoivunja kanuni hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, muombe aliyekutumia akutolee faili upya kwa muundo wa STEP, kama bado analo lile la asili. IGES, muundo mwingine wa kubadilishana michoro, ambao ulianza mwaka 1980 na toleo lake la 5.3 likatoka mwaka 1996, kwa kawaida hubeba kila uso peke yake, ilhali STEP hubeba pia habari za uso gani umeshikana na upi. Ombi hilo la dakika moja limewahi kuniondolea kazi ya siku nzima. Faili la STL ni jambo jingine kabisa, kwani ndani yake hamna nyuso za kweli bali pembetatu; likigeuzwa kuwa gimba, kila pembetatu huwa uso, na umbo huwa zito kiasi cha kutoharirika. Kwa kipuri cha kuchongwa, ni bora kulichora upya juu ya hilo STL kuliko kuligeuza.

Faili likishaingia, pima urefu mmoja unaoujua kwa kalipa na uulinganishe na wa kwenye skrini. Tofauti ya mara 25.4 maana yake vipimo vilisomwa kwa inchi.

Sasa shona, yaani ziunganishe nyuso kwenye kingo zao. SolidWorks huiita kazi hii Knit Surface, Rhino huiita Join, na katika FreeCAD utatumia kijenzi cha maumbo kilichomo katika sehemu ya Part, kwanza kuunda ganda kutokana na nyuso, kisha gimba kutokana na ganda. Programu nyingi zitakuuliza toleransi, yaani upana wa pengo ambalo zinaruhusiwa kulifumba zenyewe. Anza na milimita 0.01, na ukilazimika kupanda, panda kidogo kidogo.

Nasisitiza hapa kwa sababu nilikosea. Nilikuwa nikitayarisha nyumba ya thamostati (kifuko cha kidhibiti joto cha injini) ya alumini iliyoliwa na chumvi ya bahari, na baada ya kushona zikabaki kingo 14 zilizo wazi. Nikapandisha toleransi hadi milimita 0.5, gimba likafunga papo hapo, nami nikalituma Dar es Salaam kwenye mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Kipuri kiliporudi kwa boti, oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) haikukaa na maji yakavuja. Mapindo madogo yaliyo chini ya mfereji wa oringi yalikuwa na nusukipenyo cha milimita 0.4, hivyo programu iliyahesabu kuwa ni pengo na kuyafumba.

Niliporudi kwenye faili la mwanzo nikaziangalia kingo zile kwa karibu (Rhino huzionyesha kwa amri ya ShowEdges), nikakuta zote zimekusanyika mahali pawili. Pa kwanza palikuwa ni tundu la duara lililokosa kifuniko bapa, ambalo hufungwa mara moja kwa amri ya Cap au kwa kujaza uso bapa. Pa pili palikuwa kwenye shina la sikio la boliti, ambako pindo lilikuwa limekunjamana na kuchongoka kama sindano. Pindo la namna hiyo halitibiwi kwa kiraka. Lifute lote, zirefushe nyuso mbili za jirani mpaka zikutane, shona, na umbo likishakuwa gimba ndipo ulichore pindo upya.

Gimba likipatikana, lipitishe kwenye ukaguzi wa programu yenyewe, kisha usome ujazo wake. Ujazo ukiwa hasi, nyuso zimegeuka ndani nje na inatosha kuzigeuza. Ukiwa chanya, mimi hupima kipuri cha zamani kwenye mizani: alumini ina takriban gramu 2.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kipuri cha gramu 405 kinapaswa kukaribia sentimita 150 za ujazo, na pengine gimba likazidi kidogo kwa vile chumvi imekula sehemu ya kile cha zamani. Ikiwa programu inasema 230, njia ya maji iliyo ndani imezibwa mahali fulani.

Kwa kiwiliwili cha boti ya faiba, usifuate njia hii. Ngozi yake imeachwa wazi juu kwa makusudi, na ukiiziba utapata boti iliyojaa mpaka juu. Kinachotakiwa ni kuupa uso unene wa faiba yenyewe.

Mwisho, toa faili la STEP, lifungue katika ukurasa mtupu na uhakikishe kwamba linahesabiwa kuwa gimba moja, na kwamba ujazo wake ni uleule, kabla ya kulituma ng'ambo.