Mwache Mama Aatamie: Kulea Vifaranga vya Mbuna Nyumbani

Mara ya kwanza jike wangu wa mbuna, samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa anayeatamia mayai mdomoni, alipoujaza mdomo wake mayai, kizazi chote nilikipoteza kwa haraka zangu. Siku ya tatu, mchana kweupe, niliingiza kimia tangini nimhamishe. Akakimbia jiwe hadi jiwe, nikambana kwenye pembe ya kioo, na mayai yakamtoka. Yalikuwa kama kumi na tano, rangi ya kiini cha yai, kila moja kubwa kama punje ya mtama, yakishuka polepole kwenye mchanga. Dume na wenzake wakayamaliza kabla sijakiweka kimia chini. Tangu siku ile, kila jirani hapa Fuoni, Unguja, anayetaka kuzalisha samaki hawa namwambia kwamba vifaranga wengi hufia mkononi mwa mfugaji, kabla maradhi hayajawafikia.

Kuatamia mdomoni si jambo geni visiwani kwetu. Perege wetu ndivyo wanavyozaa. Perege wa Zanzibar walipelekwa hadi Malacca, kwenye Malaysia ya leo, wakachanganywa na perege wa Msumbiji, na mtaalamu wa samaki C. F. Hickling akaandika mwaka 1960 kwamba madume wa Zanzibar wakipandishwa majike wa Msumbiji, watoto wote hutoka madume. Mbuna ni jamaa wa perege hao. Kwa anayeanza namshauri achukue wale wa manjano, Labidochromis caeruleus, kwa kuwa hawana ugomvi mkali na rangi yao inapendeza tangu wadogo.

Usiwachanganye mbuna wa aina mbalimbali kwenye tangi la kuzalishia. Wanapandana, na ukishauza watoto wa mchanganyiko wateja hawarudi. Weka dume mmoja kwa majike watatu au wanne, ili dume asimwandame mmoja peke yake mpaka amchoshe. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 45 ni zaidi ya lita 200, na hilo linatosha. Lijaze mawe yenye mapango. Kabla ya kutia samaki wengi, acha kichujio kifanye kazi kwa wiki nne hadi sita na samaki wachache tu, mpaka vijidudu vinavyovunja amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, vizaliane.

Kwa maji, sisi tuna bahati. Mbuna wanataka maji magumu, yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7.8 hadi 8.6, na kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji ya namna hiyo. Utayajua kwa sabuni isiyotoa povu upesi na ukoko mweupe unaoota ndani ya birika. Kama yako ni laini, tia tangini vipande vya jiwe la matumbawe la zamani, lile linalobaki kwenye ujenzi, lililooshwa kwa maji baridi na kuanikwa juani. Matumbawe yaliyo hai baharini usiyaguse. Kisima cha karibu na pwani kionje kwanza, ikiwa maji yana chumvi tafuta mengine. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, dawa itoke.

Sasa tuje kwenye kutaga. Dume huchimba shimo mchangani au husafisha jiwe bapa, akatandaza mapezi na kutetemeka mbele ya jike. Jike hutaga mayai machache, anageuka na kuyachukua mdomoni papo hapo. Kwenye pezi la chini la dume mna madoa ya manjano yanayofanana na mayai. Jike huyafuata kwa mdomo akidhani amesahau mengine, na hapo ndipo hupokea mbegu ya dume. Wanazunguka hivyo mpaka mayai yaishe. Ukibahatika kuwaona, kaa mbali na kioo na watoto wa nyumbani nao wakae.

Siku ya pili utaliona koo lake limetuna. Hali chakula, na anatafunatafuna bila kumeza: anayageuza mayai yapate hewa na yasiote ukungu. Kwa joto la nyuzi 26 hadi 28 atakaa hivyo takriban wiki tatu. Jike anayezaa mara ya kwanza mara nyingi huyameza au kuyatema; msamehe, mzao wa pili au wa tatu atatulia.

Andika tarehe kwenye karatasi uibandike kando ya tangi. Mpaka siku ya 14 usimguse kabisa. Baina ya siku ya 16 na 18, usiku, zima taa, subiri samaki watulie, kisha mchukue kwa bakuli pana ukisaidiwa na kimia, asitolewe nje ya maji. Mpeleke kwenye tangi dogo la lita 40 lililoandaliwa mapema, lililojazwa maji ya tangi lake mwenyewe, lenye mawe mawili matatu na kichujio cha sponji ambacho kilishakaa wiki kadhaa kwenye tangi kubwa. Usimlaze kwenye tangi jipya lenye maji mapya.

Wapo wanaomfungua mdomo kwa kijiti na kuwamwaga watoto bakulini. Inawezekana kwa mwenye mkono mzoefu, lakini mimi siwafundishi wanaoanza, maana taya la samaki huvunjika kwa urahisi. Mwache ateme mwenyewe. Asubuhi moja utakuta vifaranga wa kama sentimita moja wamejibanza kwenye nyufa za mawe, nao wana umbo kamili la mama yao. Sasa mtoe mama, lakini usimrudishe moja kwa moja kwa dume: amekaa na njaa wiki tatu. Mtenge na umlishe siku tatu nne mpaka tumbo lirudi.

Vifaranga wanakula siku hiyohiyo. Saga chakula cha vipande kati ya vidole kiwe vumbi, uwape kidogo mara tatu au nne kwa siku. Viluwiluwi vidogo vya mbu wanavipenda. Dagaa wetu wanachemshwa kwa chumvi, kwa hiyo waloweke, wasuuze, waanike tena ndipo uwasage. Kiini cha yai la kuku sikishauri, kinachafua maji haraka mno. Nyama ya ng'ombe usiwape hata wakubwa. Mbuna wengi ni wala mwani, nyama hiyo huwajaza tumbo wakafa. Badilisha asilimia 10 ya maji ya vifaranga kila baada ya siku moja, ukivuta uchafu wa chini kwa mpira mwembamba.

Miezi ya kaskazi maji ndani ya nyumba yanaweza kupita nyuzi 30, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Tangi lisikae kwenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Nunua pia pampu ya hewa ya betri. Wafugaji waliokuwepo Unguja ilipokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa sababu.

Baada ya miezi miwili au mitatu watafika sentimita mbili na nusu hivi. Wagawe matangi au uanze kuuza, maana wakibanana wanatafunana mapezi. Waliokuzidi mpe jirani. Usiwamwage kwenye bwawa, mtaro wala mabonde ya mpunga kama Cheju, wasije wakaenda kugombea chakula na perege waliopo.