Unataka kupiga ultrasaundi ya 3D? Soma kwanza
Mamii, usikimbilie 3D (ile picha inayoonyesha sura ya mtoto tumboni) ukiwa na mimba ya wiki 15, utaona kafuvu tu, subiri wiki ya 26 hadi 32 hivi, hapo mtoto kashanona mashavu na maji ya uzazi bado yapo ya kutosha mbele ya uso, maana bila maji mbele ya uso picha haitoki hata mashine iwe mpya vipi. Siku ya kwenda kunywa chai, kula kitu kidogo, vaa nguo ya vipande viwili. Mtoto akigeukia mgongo wako au akajiziba na mikono (wangu alifanya hivyo, mshenzi yule!) omba utembee kidogo, ulale ubavu, mrudie tena. Ila kile kipimo cha kawaida cha wiki 18 mpaka 22 usikiruke, ndo kinaangalia moyo na mgongo wa mtoto, na kondo la nyuma.