Pima msukumo wako kabla ya kusajili kampuni

Kabla ya kutafuta jina au mtaji, andika sentensi moja inayosema nani anaumia, anaumia wapi, na kwa sababu gani. "Nataka kuleta mabadiliko" haitoshi, kwa sababu haina mtu ndani yake. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwanauchumi Muhammad Yunus alikuta watengenezaji wa vigoda vya mianzi wakikopeshwa pesa za malighafi na wafanyabiashara walewale waliowalazimisha kuwauzia vigoda kwa bei ya chini. Madeni ya watu 42 yalifika dola 27 tu, naye akazitoa mfukoni mwake. Benki ya Grameen, inayowapa maskini mikopo midogo, ilichipuka kutoka hapo.

Kisha zungumza na wahusika 15 hadi 20. Waulize yaliyokwisha kupita: mara ya mwisho ilikutokea lini? Ulifanya nini? Ilikugharimu kiasi gani? Usiulize "ungenunua?", maana watu hukubali kwa adabu tu, halafu siku ya mauzo huwaoni. Kama wengi hawajawahi kupoteza muda wala pesa kwa ajili ya jambo hilo, tatizo ni lako, si lao. Rudi kwenye sentensi yako.

Kutaka pesa, jina au uhuru wa kutokuwa na bosi si kosa. Kinachoua ubia ni kuficha. Kila mwanzilishi aandike peke yake: mtu akija mwaka wa tatu kutaka kununua kampuni yote, nitauza au nitabaki? Mkishaandika, someni pamoja. Anayetaka utajiri na anayetaka usukani watagombana tu, na heri wajuane kabla ya kugawana hisa. Hisa zenyewe zipatikane kidogo kidogo kwa miaka 4, na asiyemaliza mwaka wa kwanza asipate kitu. Vinginevyo atakayeondoka mwezi wa sita ataondoka na nusu ya kampuni.

Swali gumu kuliko yote: ni bidhaa gani mtaacha kuiuza hata kama inalipa? Misumari ya chuma ya kupandia miamba ndiyo iliyombeba kibiashara Yvon Chouinard, mwanzilishi wa kampuni ya mavazi ya Patagonia, lakini ilikuwa inaharibu nyufa za miamba ya Yosemite, hifadhi iliyoko Marekani. Katalogi yake ya 1972 iliwahimiza wapandaji watumie vifaa visivyogongwa kwa nyundo. Jibu lenu liingizeni kwenye katiba ya kampuni au mkataba wa wanahisa kabla mwekezaji wa kwanza hajatia sahihi. Akishatia, huenda msiweze kuongeza kifungu kama hicho bila ridhaa yake.